Viazi Vilivyoota Ndani ya Gunia

Siku hiyo naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu. Mvua ilikuwa imenyesha hapa kwetu Kiirua siku tatu, majirani wote wako shambani wanapanda, na mimi natoka Majimbo, kule Embu, wewe mgongoni unakohoa.

Baba yako alikuwa amehamia huko kwa mwanamke mwingine. Hiyo ilikuwa mara yangu ya nne kwenda kusimama kwa lango lao na kupiga kelele. Safari hiyo hakufungua hata dirisha. Nilimtukana mpaka sauti ikaisha, nikarudi nyumbani nikipanga safari ya tano.

Nyanya yako, mama yake baba yako, alinipata nikikubadilisha nguo. Hakunisalimia. Alivuta kutoka chini ya kitanda gunia la mbegu za viazi, lile alilokuwa amenipa nipande, akalimwaga sakafuni. Viazi vilikuwa vimekunjamana, vimetoa machipukizi meupe marefu, vingine vimeoza kabisa.

"Mama Kinya, hii ndiyo chakula ya mtoto. Umeiona?"

"Mwambie kijana wako arudi kwanza! Shamba ni lake, akuje alime!"

"Huyo nimemzaa mimi, nikamchapa, nikamwombea, na sijamweza. Wewe utamweza na kelele?" Akaniangalia viatu. "Hayo matope ni ya Embu. Ya shamba yako iko wapi?"

Nilitaka kumfukuza, kusema ukweli. Lakini alikuwa ameshapiga magoti anachambua vile vizima, machozi yakidondokea viazi, na hayapanguzi. Nikachukua jembe.

Tulipanda tukiwa tumechelewa. Mvua ikakatika mapema, tukavuna ndoo mbili. Msimu huo wote ulikula kutoka sufuria ya nyanya yako. Baba yako hakurudi, hata kumzika mama yake.

Sitakudanganya, mwanangu: hasira bado ninayo. Lakini siipeleki tena Majimbo. Naipeleka shambani, na udongo unaijua.

Kwa hivyo nisikie. Mtu akikataa kubadilika, usisimame kwa lango lake huku mbegu zako zinaoza nyumbani. Lia, umalize, kisha uangalie mikono yako inaweza nini leo, ufanye hiyo. Mungu akupe mvua kwa wakati wake, Kinya. Na asipokupa, akupe nguvu ya kupanda tena.