Nives Busetto Hahami

Nives Busetto alipeleka barua miaka thelathini na minne katika mtaa wa Cannaregio, na hadi leo, akiwa na miaka sabini na mmoja, magoti yake yanajua idadi ya ngazi za kila daraja. Kwetu Venisi nyumba hazihesabiwi kwa barabara. Zinahesabiwa kwa mtaa mzima, moja hadi elfu sita na ushee, na vichochoro vinarudia majina yale yale. Kichochoro cha Tanuri kipo hapa, kingine kipo ng'ambo ya Mfereji Mkuu, na kingine tena huko mtaa wa Castello. Ukitaja kichochoro bila kutaja mtaa, umejitakia mwenyewe.

Ndiyo maana wageni walimgongea yeye. Tullio, mwenye nyumba, alikwisha kugeuza ghorofa ya kwanza na ya tatu kuwa vyumba vya watalii. Nives alibaki katikati, ghorofa ya pili, pale alipolea mabinti wawili na kufiwa na mume. Tullio ni mtu wa bara, wa Mestre; huja na funguo na kuondoka na funguo. Aliyeshuka ngazi kuwapa watu akili ni Nives. Sanduku libebwe, lisiburutwe. Kahawa unywe umesimama kaunta, maana ukikaa, bei inapanda. Mkahawa wenye mtu mlangoni anayekuita huku ameshika orodha ya vyakula, pita haraka. Chupa ijazwe bombani uwanjani, maji ni safi, ya kununua ya nini.

Wageni wakamsifu sana kwenye mtandao. Tullio akazisoma zile sifa, akaja na keki zilizofungwa kwa utepe.

"Bi Nives, yaandike hayo mambo yako yote. Nitayachapa, kila chumba kiwe na kijitabu. Yabaki kama kumbukumbu."

"Kumbukumbu ya nani? Mimi si nipo?"

Tullio akauchezea ule utepe. "Mkataba wako unaisha Machi. Sitauendeleza. Unajua mambo yalivyo siku hizi."

"Sijui. Nieleze."

Tullio akamsogezea keki. Nives akamrudishia keki zake, utepe na yote. "Wosia nitaandika nikiwa nakufa. Sasa hivi nina dengu jikoni."

Msidhani hakuogopa. Aliogopa mpaka chakula kikamshinda. Mabinti wote wawili walikwisha kuhamia bara kama watu wetu wengi, na kila wakipiga simu ni lile lile: mama, njoo, huku kuna lifti. Lakini alikuwa na hasira pia, na hasira ilimsaidia. Kila jirani aliyehama aliahidi kurudi Jumapili, na hakuna Jumapili aliyoonekana hata mmoja. Machi ilipofika, Nives akapika, akafua, akaanika nguo kwenye kamba inayovuka kichochoro. Aprili, vivyo hivyo. Tullio akaenda mahakamani.

Barua ya mahakama ilisema wangekuja kumtoa siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Saa tatu Nives akatoka kwenda kununua njegere. Hakuwa tayari kukaa ndani kumngoja mtu wa kumfukuza, na wala hakuwaza kukimbia.

Ondina muuza mboga alikuwa anampimia pale daraja linapoishia walipomwona kijana wa tai na mkoba, amesimama katikati ya daraja, jasho linamtoka, anaizungusha simu yake. Watu wamekwama nyuma yake, na mchukuzi wa mkokoteni anamfokea aangalie miguu. Akashuka, akamwendea Nives.

"Samahani, mama. Natafuta Kichochoro cha Tanuri. Simu inasema nimefika, na mbele yangu ni maji."

"Namba?"

"Cannaregio, elfu moja mia sita na kumi na nne."

Ondina akaacha kupima; ile ilikuwa namba ya nyumba ya Nives. Akainama sikioni mwa Nives. "Shoga, mtupe kwenye Tanuri ya Castello. Atatoka huko Krismasi."

Mimi ningemtupa. Siku ikipita, hati ya kumtoa ingekuwa bure, na maneno yalikuwa tayari ulimini mwa Nives. Lakini katika miaka thelathini na minne hakupotosha hata kadi ya salamu, na hakuona kwa nini Tullio amfanye mwongo katika mtaa wake mwenyewe.

"Nifuate," alisema. "Na darajani hatusimami. Pita kulia. Mkoba weka mbele. Mishale ya njano ya ukutani achana nayo, inakupeleka wanakokwenda wote."

"Mama, wewe ni mwongoza watalii?"

"Mimi ni mpangaji."

Mlangoni walimkuta Tullio na fundi vitasa. Kijana akashukuru sana, akafungua mkoba, akatoa karatasi. "Sasa namtafuta Bi Busetto Nives."

"Umekwisha kumpata," alisema Nives. "Ndiye aliyekuleta."

Kijana aliitazama karatasi, akamtazama yeye. "Ulijua nimekuja kufanya nini?"

"Tangu uliponitajia namba."

"Na bado ukanileta?"

"Barua za mtaa huu nimezifikisha zote, hata zile mbaya. Yako nayo imefika. Ila mimi sitoki."

Akaketi kizingitini, akaweka njegere mapajani, akaanza kuzimenya. Tullio akasogea. "Bi Nives, usitutie aibu mbele za watu."

"Aibu itafute ghorofa ya kwanza na ya tatu. Ya pili haipo."

Fundi, ambaye mama yake alikuwa akingojea barua za mumewe baharia mikononi mwa Nives, alilifunga sanduku lake la vifaa. "Kitasa hiki sikigusi," alisema, akaondoka zake.

Kijana wa mahakama aliandika akiwa amesimama, karatasi ameiegemeza ukutani. Hakuna fundi; imeahirishwa hadi Septemba. Tullio akabisha, akapiga simu, akabisha tena. Kijana akampa Nives nakala yake.

"Nitarudi, mama. Ndiyo kazi yangu."

"Najua. Ila safari hiyo usitembee kutoka stesheni, Septemba watu wamejaa. Panda boti namba moja, shuka kituo cha San Marcuola, vuka daraja moja tu, kisha kata kulia. Utanikuta."