Mdudu Aliyezoea Sipro

Ndugu zangu, mnaoniona nimesimama hapa, nilikuwa mwanamke wa nguvu. Nilianika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, pale ufukweni Kalundu, nikabeba beseni kichwani hadi mtaa wa Kilibula bila kupumzika. Tumbo likiuma, sikwenda hospitali. Sisi wauza ndagala tulikuwa na desturi yetu: unanunua plakete, pakiti moja ya vidonge vya sipro, ile antibiotiki ya tumbo, unameza vidonge vitatu vinne, ukipata nafuu unampa mwenzako vilivyobaki. Tuliuita huo upendo. Aliyemaliza plakete nzima peke yake tulimwona mchoyo.

Kisha homa ikanishika. Nilimeza sipro, ikashuka siku mbili, ikarudi kwa hasira. Nikaomba vingine kwa jirani yangu, Mama Riziki. Bure. Ulimi ukawa mweupe, tumbo likavimba, nikaharisha damu. Mwisho sikujua hata kama nimejichafua mpaka mume wangu aliponibadilisha kitenge. Niliona haya, nikalia.

Hospitalini walinitoa damu, wakanitundikia chupa ya serumu. Homa haikusogea. Siku ya tano daktari akaja na majibu ya damu yangu kutoka labo.

"Mama, weye ulikunywa sipro mara ngapi?"

"Sijue, dokta. Kila tumbo ikiuma."

"Basi mikorobe, ule mdudu wa ugonjwa, imeizoea. Iko tifoide, homa ya matumbo, na sipro haiiue tena. Tutajaribu sindano. Nayo ikikatala, hapa hatuko na ingine."

Mume wangu akauliza, "Na sisi tufanye nini?"

"Tungojee tu."

Kungoja kunachosha kuliko kuumwa. Mama Riziki alikuja kunisalimia, akanikunjulia kiganja kwa siri. Vidonge vitatu vya sipro.

"Kamata, dada. Nilikuwekea."

Sikuwa na nguvu hata ya kumkataza. Niligeukia ukuta.

Siku ya sita ya sindano jasho lilinitoka, shuka likalowa chapachapa, homa ikashuka na haikupanda tena. Baadaye nywele zilinyonyoka, nikabaki na upara wa mzee. Lakini niko hai. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, na mume wangu aliyefua vitenge vile bila kukunja uso.

Nawaomba: mpimwe kwanza. Ukiandikiwa dawa, imalize yote, na usimgawie mtu. Najua wengine mnanicheka. Hata mimi ningecheka.

Siku ya kuruhusiwa nilimuuliza daktari, "Na ikirudi?"

Alinikabidhi karatasi ya kutoka.

"Mama, uombe isirudi."