Mama Metrine Anatembezwa Tororo

Mie nimebeba watu wa kila aina kwenye baiskeli yangu: walevi, makatekista, hata bibi harusi aliyechelewa kanisani. Lakini abiria aliyenichosha kuliko wote ni Mama Metrine wa Busia, Metrine likiwa jina lake mwenyewe, na wala si kwa uzito, maana alikuwa mwembamba. Alinichosha kwa sababu alitaka kutembezwa mjini na hakuwa akitazama kitu.

Kenya, ng'ambo ya mpaka kutoka kwetu Uganda, ilikuwa imepata uhuru mwaka uliotangulia. Alishuka kwenye basi la asubuhi siku ya Jumamosi, kikapu mkononi, akaja moja kwa moja pale stesheni nilipokuwa nimeegesha.

"Wewe ndiyo Zubairi wa baiskeli?"

"Ndimi, mama. Twende wapi?"

"Nionyeshe mji."

Nikamwangalia. Tororo nayo ni ya kuonyeshwa? Unaanza kuutazama mji, hujakohoa umekwisha. Lakini abiria ni abiria. Nikampakia nyuma kwenye ule mto wa sufi niliofunga juu ya keria, akakaa upande kama wanavyokaa wanawake. Nikampitisha kwenye maduka ya Wahindi na mafundi cherehani wao barazani. Nikamwonyesha hekalu. Nikampeleka kiwanda cha saruji, ambako hata migomba ina mvi, kisha chini ya Jiwe, lile jabali letu ambalo watu wa kwao wanaliona wakiwa shambani. Nikajitahidi kusimulia, maana nina maneno mie.

"Ndiyo," anasema. "Vizuri." Kisha: "Sasa tupite landhi."

Landhi ni vile vyumba vya mstari vya wafanyakazi wa reli. Hakuna cha kutazama pale ila nguo zimeanikwa. Tukapita. Mwanamke mmoja akaja uani kupokea kikapu, nikadhani ni biashara. Jumamosi ya pili, vilevile. Ya tatu nikashindwa kujizuia.

"Mama, mji huu nimekuonyesha mpaka nao umechoka kuonwa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hebu niambie unatafuta nini."

Hakukasirika. "Roselyn wangu ako hapo landhi," akasema. "Amezaa. Mtoto sijamwona mimi."

Basi nikaelewa. Kwao Wasamia, mama na mume wa bintiye wanaheshimiana kwa kukimbiana. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Mama haingii chumba anacholala mkwe, wala hakitazami kitanda chake. Kijijini si taabu, nyumba ina sebule. Lakini reli ilikuwa imempa Phanuel, mume wa Roselyn, chumba kimoja: mlango, dirisha, jiko, kiti, kitanda, basi. Ukisimama mlangoni umeshaona kitanda, na macho hayana pazia. Tena Phanuel alifanya zamu ya usiku, akipanga mabehewa, kwa hiyo mchana kutwa alikuwa kitandani kweli.

"Si Roselyn amtoe mtoto nje umwone?" nikamwuliza.

Hatolewi, akanieleza. Mpaka wazee wa upande wa baba waje wamtoe wenyewe na kumpa jina, na wazee walikuwa wanalima. Kwa hiyo kila Jumamosi Roselyn alikuja kwenye ua wa michongoma, akapokea kikapu, wakasalimiana, akarudi mbio kwa mtoto. Halafu Mama Metrine alibaki na saa zote zile mpaka basi la kurudi Busia. Akikaa landhi, wake za watu wanamwuliza mbona haingii. Akikaa stesheni, askari anamwuliza anamngoja nani. Ndiyo maana akaomba kuonyeshwa mji.

Mume wake alikufa Roselyn akiwa bado anatambaa. Shemeji alitaka kumrithi, akakataa, akahama, akaanza kuuza samaki wakavu soko la Busia, upande wa Kenya. Hakuzaa tena. Aliniambia, tukiwa tunapanda kilima, kwamba siku hizi anapika ugali wa mtu mmoja na bado unabaki. Nilimhurumia. Sipendi kumhurumia abiria, kunaharibu kazi.

Jumamosi moja ya jua kali tukapita landhi kama kawaida. Kulikuwa kimya. Maji yalikuwa yamefunguliwa, wanawake wote wamekimbilia bombani, na ndoo ya Roselyn haikuwepo mlangoni. Mlango umerudishwa tu. Ndani mtoto analia.

"Atanyamaza," nikasema.

Hakunyamaza. Phanuel tulimsikia akikoroma.

"Zubairi, ingia umchukue."

"Mie? Mwanamume aingie chumba cha mtu, mkewe hayupo, mwenyewe amelala? Akiamka ataniua, mama, na majirani watamletea shoka."

"Basi mwite."

Nikaita. Nikagonga ukuta, nikapiga kengele ya baiskeli. Mtu aliyehangaika na mabehewa usiku kucha, kengele ya baiskeli ataisikia wapi. Sauti ya mtoto ikaanza kukauka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mie sikuwa na mtoto, lakini siku ile niliuona kwa macho. Mama Metrine akashuka kwenye keria.

Akavuta leso yake akajifunika kichwa chote, uso na yote. Kisha akageuka, akaupa mlango mgongo, akaingia kinyumenyume. Mkono mmoja unapapasa nyuma, anafuata kilio. Nikasikia sufuria ikianguka. Halafu kilio kikakatika.

Akatoka na mtoto. Alikuwa amelowa tu, masikini, hana ugonjwa wowote. Bibi yake akakaa chini nje ya mlango, akamfuta, akamfunga kwa leso ileile, akawa anamtazama. Alimfungua vidole kimoja kimoja akivitazama. Mie nikaona afadhali nishughulike na mnyororo wa baiskeli.

Sufuria ilikuwa imemwamsha Phanuel. Akaja mlangoni akiwa na chupi tu, macho hayajafunguka vizuri, akamkuta mama mkwe wake miguuni pake. Alirudi ndani. Nikasikia dirisha linafunguliwa, na mara namwona upande wa pili amejifunga blanketi, anakimbilia kwa rafiki yake. Siku nyingine ningecheka mpaka niketi.

Roselyn akafika, akatua ndoo.

"Mama. Umeingia?"

"Nimeingia."

"Na mtoto umemtoa."

"Nimemtoa."

Roselyn akamchukua mtoto huku analia, akaingia, akafunga mlango.

Makosa mawili kwa mpigo. Neno la wazee likaja: Mama Metrine asikanyage landhi mpaka kondoo achinjwe, pande mbili zikae, mambo yasafishwe. Hakuna aliyemchukia. Phanuel mwenyewe nilimbeba siku moja, akaniambia, "Yule mama ni mtu mzuri. Lakini ameniona." Kikao kikawekwa baada ya mavuno.

Mavuno hayajafika, reli ikamhamishia Phanuel Kasese, huko njia ya reli inakoishia. Walipanda treni yeye, mkewe, mtoto na godoro. Aliyempa Mama Metrine habari ni mie, pale stesheni, aliposhuka kwenye basi na kikapu chake. Alikuwa amekuja hivyohivyo, angalau apite njia ya mbali aone kamba ya nguo za mtoto.

Akahamishia kikapu mkono wa pili. Kisha akapanda keria bila kusema twende wapi, nami nikaendesha. Nilikuwa na hasira, sijui na nani, na hasira zangu hutokea mdomoni.

"Ungengoja kidogo tu siku ile, mama. Roselyn alikuwa bombani, pale pale. Ungengoja, leo ungewafuata Kasese ukampakate mjukuu kwa haki yako."

Nikamsikia nyuma yangu, sauti ya kawaida kabisa.

"Mtoto alikuwa analia, Zubairi. Wewe ulitaka nifanye nini? Niendelee kutazama mji?"

Nikaendelea kukanyaga pedali. Basi la Busia lilikuwa bado sana, na hakukuwa na mtaa uliobaki wa kumpeleka.