Sadala Aliyenyoosha Mkono

Sadala Mpili, fundi cherehani wa Kibiti, hakuwahi kufikiria kupanda jukwaani. Mwalimu Mwanabaraka alimfuata kwa kazi ya kushona tu: mashati kumi na mawili ya rangi moja. Yalikuwa ya mchezo wa kuchekesha alioutunga, kuhusu Kamanda anayetaka nchi nzima ivae sare, ipige saluti na iwachukie wageni. Aliyeigiza Mheshimiwa Bwerere, diwani anayemuuzia Kamanda kura yake, alihamia Dar ghafla. Mwalimu akamwomba Sadala ashike nafasi ile.

"Hebu nyoosha mkono kumkubali Kamanda," alimwambia siku ya kwanza ya mazoezi.

Sadala alinyoosha nusu tu, kiwiko kimebana ubavuni, macho kwenye viatu vyake. Wenzake wakavunjika mbavu.

"Mzee Sadala, umejifunzia wapi?"

"Ruaruke, Mwalimu. Nilikuwa mjumbe wa serikali ya kijiji."

Wakadhani anatania. Miaka tisa nyuma, kikao chao kilimgawia mtu wa mjini shamba la mikorosho la mjane mmoja, Zabibu. Sadala alijua shamba lina mwenyewe. Alinyoosha mkono vilevile, na wiki ileile akaletewa mabati ya kuezekea nyumba. Baadaye alihamia Kibiti, maana kila akipita mlangoni kwa Zabibu miguu ilikuwa mizito.

Mchezo ulioneshwa uwanja wa shule, Jumamosi alasiri. Sadala aliponyoosha mkono ule wa nusu, macho kwenye viatu, watu walicheka hadi machozi. Zabibu, aliyekuja gulioni, alisimama kutazama, yeye hakucheka. Ulipokwisha alimfuata Sadala nyuma ya pazia.

"Kumbe ulijua ulichofanya," alimwambia. "Miaka yote nikisema labda walikudanganya."

"Nilijua, dada. Nilijua kabla mkono haujapanda."

"Basi kayaseme hayo barazani, si kwa watu wanaocheka."

Alikwenda. Mbele ya baraza la kata alitaja mabati na aliyeyaleta. Wajumbe wenzake wa zamani walimwita msaliti. Mmoja wao, shemeji yake, hajamsalimia hadi leo. Zabibu alirudishiwa upande wa mikorosho mizee. Upande wa pili yule mtu wa mjini alishajenga, na shauri bado linaendelea.

Mwezi uliopita kundi la mchezo lilialikwa kuigiza Nyamisati. Mwalimu alimuuliza Sadala kama haoni aibu kuendelea kuwa Bwerere.

"Naona," alijibu, akifunga vifungo vya koti. "Lakini ukimpa mwingine atamfanya mpumbavu. Bwerere si mpumbavu, Mwalimu. Anajua kila kitu."