Picha ya Kihindi Iliyogawa Shamba la Kijiji

Moshi wa maganda ya korosho unaingia puani kama pilipili, na ukishaingia hautoki mpaka upige chafya tatu. Juzi jirani yangu alikuwa anakaanga korosho uani kwake, mimi nimejikalia zangu mkekani. Chafya ya kwanza, ya pili, ya tatu, mara kichwani unanijia wimbo wa Kihindi. Maneno yake siyajui. Hata zamani zile sikuyajua, na niliuimba mbele za watu bila haya.

Nilikuwa na miaka kumi hivi. Tulikuwa tumeshahamishiwa kijiji cha ujamaa, huko nyuma ya Mikindani, nyumba zimepangwa mstari kama meno. Shule sikukanyaga, ila mdomo nilikuwa nao. Shangazi yangu Sofia alikuwa anakaa mjini, mtaa wa Rahaleo, na huko kulikuwa na sinema. Jumapili mchana ilikuwa zamu ya wanawake peke yao. Shangazi ananichukua, tunatazama picha, nalala kwake, Jumatatu nimerudi kijijini. Jumatatu hiyo hiyo jioni wanawake wanajaa uani kwetu na korosho zao za kubangua, mikono wameipaka majivu ili mafuta ya maganda yasiwaunguze, wananiambia, "Haya, tuletee."

Basi nawaletea. Mimi ndiye steringi, mimi ndiye baba mkali, mimi ndiye mama anayelia, mimi ndiye farasi. Kihindi chenyewe natunga. Nani angenibishia?

Mnadhani walikuwa wanasikiliza tu? Walikuwa na maoni hao! Kuna picha moja, binti wa tajiri anapendana na kijana mchota maji. Wanakimbizana bustanini wanaimba, mvua inawanyeshea. Baba mtu kamtafutia mume, afande mwenye masharubu. Mwisho binti anatoroka, anapanda treni peke yake, anatoa kichwa dirishani anaimba, picha imekwisha.

Bibi Nantende, aliyekuwa anaijua mikorosho kuliko anavyowajua wajukuu zake, akanikatiza hapo hapo kwenye mvua. Sauti yake ilikuwa inakwaruza kama kifuu: "Ntoto wewe! Hiyo miti ilikuwa na maua?"

Nikamwambia, "Tele, bibi."

"Yangu mama! Maua yote chini! Mwaka nzima umekwisha, halafu binti anacheza! Baba yake ana haki ya kukasirika."

Na kweli, kwetu mvua ikiikuta mikorosho ina maua, hakuna anayeimba. Nusu ya wanawake pale uani wakakubali kwamba yule baba kaonewa.

Mama Eliza, mke wa mwalimu, mtu wa Bukoba, alikuwa anaongea kama anapanda mlima: "Waitu! Maua si yatatoka mengine? Huyo afande, bibi, utaolewa naye wewe?"

"Akinijengea banda la korosho, naolewa kesho!"

Wakacheka, kisha wakanuna kweli kweli. Hawa upande wa baba, wale upande wa binti. Mama yangu hakuwa upande wowote. Yeye anabangua, kichwa chini. Baba yangu alikuwa amemkataza sinema tangu zamani, kwa hiyo hakuwahi kwenda. Neno lake lilikuwa moja tu: "Rudia hapo pa treni." Narudia.

Kesho yake ugomvi ukahamia shamba la kijiji. Upande wa baba wakasema hawapalilii mstari mmoja na watu wanaofundisha mabinti kutoroka. Upande wa binti wakabeba majembe wakaenda ng'ambo ya shamba. Katikati mihogo ikazama kwenye magugu, kila upande unasema hiyo ni ya wale. Wiki nzima!

Ndipo balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Nambunga, akaitisha mkutano. Balozi alikuwa anasemea puani, na hata akikuomba maji anaanza kama redio: "Ndugu wananchi." Sasa huyu ndiye aliyekuwa anatuandikia barua ya kwenda mjini. Siku zile mtu wa kijijini ukikutwa mjini huna barua, unarudishwa. Akanisimamisha katikati, mimi na miguu yangu kama vijiti.

"Ndugu wananchi. Mtoto huyu aseme hapa, picha za Kihindi ni upuuzi, zinarudisha nyuma kilimo, na hatasimulia tena. Akisema, barua naandika kama kawaida. Asiposema, mjini hakuna."

Nikaziona Jumapili zangu zote zinaondoka. Wallahi nilikusudia kusema. Nilifungua mdomo nikiwa na adabu zangu zote, lakini nini kilitoka? Kilitoka puani: "Ndugu wananchi. Picha za Kihindi..."

Mkutano ukaanguka kwa kicheko. Mke wa balozi mwenyewe alicheka mpaka kanga ikamtoka kichwani. Balozi kaiva uso, mimi naona nimeshaharibu, na kitu kikishaharibika unakiogopea nini tena? Nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, "Sio upuuzi. Sisemi."

"Mama wa mtoto!" balozi akapiga kelele. "Mwambie mwanao aseme!"

Mama akasimama. Mwanamke ambaye mkutanoni alikuwa anakaa nyuma kabisa, karibu na mbuzi. Akajifunga kanga vizuri kiunoni.

"Hasemi," akasema. "Nilimtuma mimi. Mume wangu alinikataza nisiende, sikwenda. Macho ya mtoto hakuyakataza. Huyu alikuwa ananitazamia picha."

Baba alikuwa upande wa wanaume, anatazama vidole vya miguu yake kama anavihesabu.

"Na kwa kuwa kila mtu hapa ametoa maoni yake," mama akaendelea, "na mimi langu ni hili. Yule binti alichelewa. Treni angeipanda siku ile ile aliyoletewa afande."

Akakaa.

Bibi Nantende, jemadari wa upande wa baba, akajikohoza. "Balozi, mwandikie ntoto barua."

Balozi hakuandika. Msimu mzima sikuiona sinema, na radhi sikumwomba, alikufa ananidai. Lakini kusimulia sikuacha. Jumatatu walikuja vile vile, na kwa kuwa picha mpya haikuwepo, walidai ile ile. Mihogo ya katikati mama alikwenda kuipalilia peke yake. Siku ya pili akaja Mama Eliza. Ya tatu akaja bibi, analalamika mgongo, akaingia mstari ule ule wao.

Ya nne jioni tunakula, baba akauliza, macho yake kwenye ugali: "Sasa huyo binti. Alishukia wapi?"

Mama akasema, "Haikuonyeshwa. Picha ilikwisha bado yuko dirishani."

Mimi nilifurahi mno. Nikajua baba naye kaingia kwenye maoni! Nikataka kumtungia stesheni, nilikuwa nayo tayari mdomoni, na mama akaniwekea mkono gotini, kwa nguvu, ninyamaze. Nikanuna. Nikaona wananinyima zamu yangu.

Ilinichukua waume wawili kuelewa kwamba jioni ile hakuna aliyekuwa anaongea habari za Wahindi. Baba alikuwa anauliza kama mkewe bado yupo. Na mama hakumdanganya: naye bado alikuwa dirishani. Leo watu wakiniambia picha zile zilikuwa za kulialia na kukimbizana tu, nawaacha waseme, kisha nawauliza: wewe umeoa, au umeolewa, miaka mingapi? Na umewahi kumuuliza mwenzio alishukia wapi?