Betri Zilizokula Jua

Baba yangu alikuwa akianika betri za redio juu ya bati kama wenzake wanavyoanika muhogo. Zikichoka, anazipandisha asubuhi. Adhuhuri anazishusha zikiwa za moto, na taarifa ya habari inasikika mpaka kwa jirani. "Zimekula jua," anasema. Mimi, mtoto wa kijijini Marambo mwenye ubishi, nilitaka kujua zimekula nini hasa.

Ubishi huo ndio ulionisomesha. Sekondari, mwalimu wa kemia alichoma bibo, lile tunda la mkorosho, kwa msumari wa bati na waya wa shaba, mshale wa mita ya umeme ukatikisika mbele ya macho yetu. Nikanasa. Nikasomea kemia ya umeme mpaka nikaishia kwenye maabara ya ugenini, nikiunda betri kwa unga mweusi wa kinywe, yaani grafiti, madini yaleyale yanayochimbwa Ruangwa, jirani kabisa na kwetu. Nyumbani hakuna maabara ya kunipa kazi, nilijiambia, na ilikuwa kweli. Lakini ukweli huo haukunipunguzia uchungu hata kidogo.

Kila nikipiga simu baba aliuliza lilelile: "Mama, unarudi lini?"

"Nikimaliza hii, baba."

Kazi ya betri haina kumaliza. Nikaona nimtumie betri niliyoiunda kwa mikono yangu, ya kuchajiwa kwa sola, apumzike kupanda ngazi. Kila nilipouliza kama redio inaongea, alijibu, "Inaongea sana, mama."

Mwaka huu nimekuja. Redio nimeikuta kimya, imejaa vumbi. Betri yangu ilikuwa stoo, imefungwa kwenye kipande cha kanga ya marehemu mama, imevimba kama andazi. Alikuwa ameianika juu ya bati pamoja na zile kuukuu, na betri za aina hii jua kali huziua. Nilicheka, kisha nikalia.

"Baba, mbona hukuniambia? Ningekutumia nyingine."

Alikuwa anabangua korosho, hakuinua kichwa.

"Ndiyo maana sikusema. Ungebaki hukohuko unaitengeneza."

Nikakaa chini kumsaidia kubangua. Nilitaka kumwambia kwamba sasa nimerudi, lakini tiketi ya kurudi ugenini ilikuwa mkobani, na, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshaanza kuwaza ganda la betri lisiloogopa jua.