Mama Aliyechoma Ludo Yetu

Kama ulikulia Songo, mtaa wetu wa Uvira kando ya ziwa, wakati mmoja na mimi, huhitaji kuelezwa harufu ya ndagala, dagaa wetu wa ziwani, zilizoanikwa juani, wala jinsi mchanga wa ufukweni ulivyochoma saa sita mchana mpaka mtu akimbie kwa vidole. Utakumbuka pia kwamba hakuna aliyetununulia mchezo hata mmoja. Mpira ulikuwa mifuko ya plastiki iliyokazwa kwa kamba za mgomba. Mtoto wa kubeba mgongoni alikuwa gunzi la hindi lenye nywele zake. Tulirudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye kope, tukala bugali na sombe ya majani ya muhogo kwenye sahani moja, na hakuna aliyetuhurumia.

Watoto wa leo, maskini, wana dunia nzima kiganjani na bado wanalalamika kwamba inakwenda polepole. Binti yangu Gloria anapiga penalti za Ulaya akiwa amelala kwenye kochi, lakini ukimtuma maji atakuambia mguu unamuuma. Vijana wa mtaa wetu wanajifungia kwenye vyumba vya giza, jasho likiwatiririka, wanapigana vita vya bunduki ndani ya simu na watu wasiowajua, kana kwamba milio tunayoisikia bure haitoshi. Nje ziwa zima liko wazi, limekosa mtu wa kuliogelea.

Nilikuwa nikiyasema haya kila Jumapili baada ya misa, na wa rika langu walitikisa vichwa kunikubalia. Kisha Mama akaja kukaa kwangu.

Mama aliuza ndagala maisha yake yote. Alizinunua kwa wavuvi alfajiri, akazianika, akazigeuza, akazibeba sokoni kichwani. Kwake, mtu aliyekaa bila kushika kitu alikuwa mgonjwa au mwizi. Mdogo wake, Godeliva, alikaa nasi kabla ya kuolewa, na sisi tulimwita mama mudogo Gode. Huyo aliumbwa kwa udongo mwingine. Alicheka kabla hujamaliza kusema, na kazi aliifanya kama mtu anayemsaidia jirani.

Ni yeye aliyetufundisha ludo. Alichora mraba kwenye carton ya sabuni, nyumba nne kwenye pembe nne. Moja tuliipaka kijani kwa kusugua majani, moja nyeusi kwa makaa, moja nyekundu kwa tofali, na ya nne ikabaki rangi ya carton. Dadu tuliichonga kutoka kwenye kambambili, ndala ya mpira, iliyokufa. Wachezaji walikuwa maharage, mahindi, vijiwe na vifuniko vya chupa, na mara nyingi aliyechezea mahindi alishindwa kwa sababu kuku walikuja wakala timu yake.

Siku moja tuliachiwa ndagala za kulinda. Tuliketi nyuma ya jikoni, mama mudogo Gode akiwa amebakiza hatua chache tu aingize wa mwisho nyumbani, na hakuna aliyewasikia kunguru. Mama aliporudi, nusu ya mkeka ilikuwa tupu. Hakumpiga mtu. Aliokota ludo yetu, akaikunja, akaipasua, akawashia mbabula, jiko letu la makaa.

"Michezo ni ya watu wenye wameshiba," alisema huku akipepea moto. "Na weye, Gode, uko mukubwa ao uko mutoto?"

"Niko katikati, yaya," alijibu, kwani hivyo ndivyo alivyomwita dada yake mkubwa.

Mama aliingiza uso kwenye moshi. Mpaka leo naamini alikuwa anaficha kicheko, ingawa nikimuuliza anakana.

Mama mudogo Gode aliolewa Bujumbura, ng'ambo ya mpaka, mwendo wa asubuhi moja. Kwa miaka mingi walitembeleana, huyu na kikapu cha ndagala, yule na mafuta ya mawese. Kisha koko wetu, mama yao, akafariki huku Uvira. Mpaka ulikuwa umefungwa siku hiyo, kama unavyofungwa. Mama mudogo Gode alilala upande wa pili akingoja, na alipofika kwetu na kitenge kimejaa vumbi, watu walikuwa wamekwisha kurudi kutoka makaburini.

Mama alikuwa ameketi chini na wanawake wenzake. Alimtazama mdogo wake pale mlangoni.

"Kazi imekwisha," alisema. "Unaweza kurudia kwako."

Matanga yote yalisikia. Mama mudogo Gode aliweka kikapu chini, akageuka, akarudi siku ileile. Sisi watoto wao tulidhani ni uchungu wa msiba, kwamba utapita na mvua. Mvua ikaja, ikapita, ikaja nyingine. Ukilitaja jina la mmoja mbele ya mwingine, chumba kiligeuka baridi. Mama hata alidai kwamba namba ya simu ya mdogo wake ameisahau.

Basi Mama alipokuja kwangu ni kwa sababu ya magoti. Muganga wa hospitali alimwambia apumzike, asibebe kitu, asisimame muda mrefu. Hajui alichonifanyia yule muganga. Mama aliyekatazwa kazi alianza kuzisimamia za wengine. Alifunua sufuria zangu. Alihesabu vijiti vya kiberiti. Aliniambia nakunja nguo kama mtu anayekimbia vita. Siku moja, kwa kutafuta amani tu, nilimwekea ludo kwenye simu yangu ya zamani, nikamwonyesha pa kubonyeza.

Alikataa kuigusa asubuhi nzima. Mchana nilimkuta ameishika mbali na macho, kama mtu anayesoma tarehe kwenye dawa.

"Hii dadu, nani iko anaitupa?" aliuliza.

"Ni telefone yenyewe, Mama."

"Inaiba."

Ilikuwa njia yake ya kusema ataendelea. Mwanzo alicheza na mashine. Gloria akamwonyesha jinsi ya kucheza na watu, na hapo nikampoteza mama yangu. Aliamini kwamba wale watu wa mbali wanamwona, kwa hiyo kila mara kabla ya kuanza alifunga kitambaa kichwani na kukaa sawa. Alicheza na Wahindi, na Wabrazili, na mtu mmoja mwenye picha ya simba ambaye aliwala wachezaji wake mfululizo mpaka Mama akasema kijana huyo hakulelewa. Alifanya ishara ya msalaba kabla ya dadu. Uji ulipoa. Mama aliyekuwa anaamka kabla ya jogoo kwenda kuwangojea wavuvi sasa alikuwa anaamka kabla ya jogoo kwa sababu simu imejaa chaji.

Gloria, aliyekuwa na mtihani, alimwomba apunguze sauti.

"Koko, niko nasoma."

"Soma," Mama alimjibu bila kuinua macho. "Nani amekukataza?"

Nilimsimulia Aline kwa simu. Aline ni binti wa mama mudogo Gode, na sisi wawili hatukuwahi kuacha kuzungumza. Nilipofika kwenye kitambaa cha kichwani, sikusikia kicheko.

"Wa kwangu naye anacheza, na anavaa miwani ya jua," Aline alisema. "Anasema hataki wasome macho yake."

Kisha Aline akasema anaweza kufungua chumba cha wachezaji wawili na kunitumia namba zake za kuingilia. Hatukupanga hila. Majina yao yalikuwa yanaonekana wazi pale juu, na picha zao pia. Tulijiambia tu kwamba wakikataa, hakuna kilichoharibika zaidi ya kile kilichokwisha kuharibika.

Mama alipoona jina la Godeliva, alishusha simu kwenye mapaja. Alitazama ukuta. Nikaanza kutafuta maneno ya kujitetea.

"Iko nani anaanza?" aliuliza.

"Yeye."

"Njo anaanzakaga yeye siku zote," alisema, akainua simu.

Walicheza bila neno. Mama mudogo Gode alitoka mbio kama kawaida yake, wachezaji wote nje kwa pamoja. Mama alimtoa mmoja, akamsindikiza polepole kama anavuka barabara. Kisha Mama akamla mmoja wa wale wa Gode, hatua chache tu kabla hajaingia, akamrudisha mwanzo. Mchezo ule una vipicha vya kumtumia mwenzako: uso unaocheka, uso unaolia, na nyanya inayoruka na kupasuka kwenye picha yako. Nyanya ikaruka.

Mama alirudi nyuma kwenye kiti.

"Amenitupia tomati," alisema.

Niliona yote yamekwisha. Nilinyoosha mkono nichukue simu. Mama aliivuta kwake.

"Mahali pa kutupia tomati ni wapi?"

Hivyo ndivyo wanawake wawili waliokosa kusalimiana miaka yote ile walivyotupiana nyanya msimu mzima wa mvua. Kila alasiri, baada ya chakula, Mama alifunga kitambaa. Wale wa Brazili walisahauliwa. Hakumtaja mdogo wake kwa jina. Alisema "ule muntu wa Bujumbura". Lakini nilimsikia akicheka peke yake, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia tangu siku ya mbabula, na sasa hakukuwa na moshi wa kukifichia.

Alasiri moja mtu wa Bujumbura hakutokea. Mama alingoja mpaka skrini ikazimika. Alisema labda umeme umekatika kwao. Siku iliyofuata alikaa na kitambaa kichwani mpaka jioni, na tulipomwita kula alisema ameshiba. Nilimpigia Aline, simu yake haikupatikana. Siku ya tatu Mama hakungoja alasiri. Asubuhi, nikiwa nachambua sombe, alikuja akichechemea na simu mkononi, akasema, "Piga hii." Akaitaja namba ya mdogo wake yote, mwanzo mpaka mwisho, bila kukwama. Nilibonyeza, nikaweka sauti ya nje.

Simu iliita muda mrefu.

"Allô," sauti ilisema, nyembamba.

"Weye, iko unanikimbia?"

Nilidhani atakata.

"Siko nakukimbia, yaya. Niko kitandani. Ni malaria. Aline ananibeba ku hopitali kila siku."

"Na haukuweza kuniambia?"

"Ningekuambia na kinywa gani?" mama mudogo Gode aliuliza, polepole, bila hasira. "Ulinisemea kazi imekwisha."

Mama alikaa kwenye kigoda changu. Alikuwa amemaliza miaka akijiandaa kwa neno hilo, na majibu yake yote niliyajua: mpaka unafunguliwa kwa anayetaka, mtoto hamwachi mama yake azikwe na majirani. Nilingoja atoe mojawapo.

"Nilisema vibaya, Gode," alisema. "Minye nilikuwa nakutafuta kwa macho tangu asubuhi. Tulimufukia nikiwa naangalia barabara. Sikujua hasira niiweke wapi."

Upande wa pili mtu alikuwa analia kama wanavyolia wagonjwa, bila nguvu. Baadaye alisema, "Unachezaka vibaya sana, yaya. Unatoa mmoja mmoja kama unamupeleka kwa askofu."

"Lakini ninakushinda," Mama alisema, akijipangusa kwa ncha ya kitenge.

Wiki chache baadaye, mama mudogo Gode alipopata nguvu, tulivuka mpaka. Magoti yaliyoshindwa kwenda misa Songo yalifika Bujumbura bila lalamiko. Aline alikuwa amekaanga mikeke, samaki wa ziwani, na ndizi, na alikuwa ameweka hata leso mezani, kwa kuwa mimi na yeye tulitegemea machozi. Mama mudogo Gode alisimama mlangoni, amekonda.

"Umezeeka, yaya," alisema.

"Na weye umebaki mifupa."

Walishikana mikono muda mrefu kuliko kawaida. Kisha waliketi kwenye kochi moja, bega kwa bega, kila mmoja akatoa simu yake, wakaanza kucheza, huyu dhidi ya yule, bila kutazamana. Nyanya ziliruka kutoka Bujumbura kwenda Bujumbura.

Mimi na Aline tulikaa mlangoni tukiwatazama. Napenda kusema kwamba enzi zetu watu wakikosana waliketi wakatazamana usoni, wazee wakasikiliza pande zote, na jioni mambo yakaisha. Ni maneno matamu, na wa rika langu watayaunga mkono. Lakini nikikumbuka vizuri, kwenye uwanja wetu wa Songo kulikuwa na ndugu waliopitana miaka na miaka kwenye njia moja ya kuchotea maji, wakazikwa hivyohivyo. Ziwa lilikuwepo, vumbi lilikuwepo, na kila mtu alikuwa na muda. Naikumbuka ile carton na moyo unaniuma, kwa sababu utoto hauna mahali pa kwenda kuutembelea. Ila siwezi tena kusema kwamba simu ndiyo iliyotuharibu. Jumapili baada ya misa siku hizi nanyamaza.

Maziwa ya chai yalianza kufurika jikoni, na mama mudogo Gode akaondoka mbio, simu ameiacha kwenye kochi. Zamu ilikuwa yake. Duara la muda lilianza kupungua, na mtu akipitisha zamu mchezo unamwadhibu. Mama aliitazama simu ile. Akanyoosha mkono, akaibonyeza dadu kwa niaba ya mdogo wake.

Ilitoka tano. Hatua tano mbele ya mchezaji mmoja wa Gode alisimama mchezaji wa Mama, wa mwisho, karibu kabisa na nyumbani. Kulikuwa na wengine wa Gode wa kusogeza, ambao wasingemdhuru mtu. Mama alitazama mlango wa jikoni. Alikuna goti. Kisha akamchagua yule wa Gode aliyekuwa hatua tano nyuma, akajila mwenyewe, akairudisha simu mahali pake kama alivyoikuta.

Mama mudogo Gode alirudi akijipangusa mikono. Alitazama skrini, akamtazama dada yake.

"Ni nani alicheza hapa?"

"Ni weye," Mama alisema. "Fanya haraka, iko zamu yangu."